Mjomba wa Akiba

"Mama Mwanamvua, hivi binti yenu mmempeleka bweni gani hata likizo harudi?"

Aliyeniuliza ni Laurensia, muuguzi kutoka Bukoba, aliyehamia nyumba ya pili kutoka kwangu hapa Tangini. Tulikuwa tunafua. Nikamwambia binti hayuko bweni, yuko ndani.

"Ndani ya nini?"

"Ndani tu, dada. Ni mwali. Yuko Msimbu, Kisarawe, nyumbani kwetu."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

Laurensia akaiacha nguo ndani ya beseni. "Yesu na Maria! Amekosa nini mtoto wa watu?"

"Hajakosa kitu. Anamsubiri mjomba wake aje amtoe."

"Na mjomba mwenyewe yuko wapi?"

"Zambia. Anafundisha mpira."

Akacheka kwanza, maana kwa mtu wa mbali jambo lile lilikuwa la kuchekesha. Kisha aliponitazama usoni akaacha. Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, mwezi wa Rajabu, na mimi nilikuwa nimeanza kuuogopa mwezi wa Ramadhani, mwezi ambao Muislamu hupaswa kuusubiri kwa furaha. Mola anisamehe.

Nieleze vizuri. Kwetu sisi, katika ukoo wa mama yetu, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hufundwa na kungwi, na siku ya kutoka hatoki mpaka mjomba wake, yaani kaka wa mama yake tumbo moja, asimame mlangoni atamke. Zamani mwali alikaa ndani muda mrefu. Siku hizi za vijiji na shule mambo yamefupishwa, wengine hukaa likizo moja tu wakatoka. Lakini neno la mjomba halijafupishwa. Na mwali akifunga Ramadhani ya pili akiwa bado ndani, kwetu husemwa ukoo umemkataa. Atatoka, ndiyo, lakini atatoka hana kwao, na watoto atakaowazaa hawatakuwa na ukoo wa kuwazika. Mwanangu Mwanamvua alikuwa ameshafunga ya kwanza.

Na mimi ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja tu, Mfaume.

Mfaume alizaliwa na miguu ya mpira. Baba alimpeleka chuoni kwa Mwalimu Matano asome Kurani, naye alisoma, tena vizuri, ila alikaa siku zote jirani na mlango ili dua ikiisha awe wa kwanza kutoka. Mpira wao ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba za mgomba. Alipokua akawa anacheza uwanja wa bomani Kisarawe, na watu wa timu moja ya bandarini Dar es Salaam wakamwona, wakamchukua. Asubuhi alibeba magunia, jioni alicheza. Viatu vya kwanza alivyopewa, kimoja kilimbana mguu wa kulia, basi akacheza msimu mzima na kiatu kimoja mguu wa kushoto, wa kulia ameufunga kitambaa. Mabeki walikuwa hawajui wauogope mguu upi.

Akaitwa timu ya Tanganyika. Tulipopata Uhuru alicheza mechi moja ya sherehe, na marehemu mume wangu, Isihaka, akanichukua kwenda kumtazama. Mimi mambo ya mpira siyajui. Nilichokiona ni kwamba kila alipoangushwa aliinuka akampa mkono aliyemwangusha. Nikamwambia Isihaka, "Hivi ndivyo alivyokuwa nyumbani pia."

Goti lake likavunjika Zanzibar, na daktari akamwambia basi. Wengine wakivunjika goti huwa walevi. Yeye akaenda kusomea ualimu wa mpira, akafundisha vijana hapa Kibaha, na timu moja ya watu wa migodi huko Zambia wakasikia habari zake wakamwita. Reli ilikuwa haijajengwa. Aliondokea hapo barabarani, juu ya lori la mafuta, na kuku wa kukaanga niliyemfungia katika jani la mgomba. Alikuwa mwalimu wa kwanza wa mpira kutoka pande zetu kuitwa nchi ya watu.

Isihaka alipofariki, Mfaume alikuja kwa lori lile lile, njia ya vumbi tupu. Alikaa mpaka arobaini ikasomwa. Kabla ya kuondoka alimpakata Mwanamvua akasema mbele ya watu, "Huyu baba yake amekwenda. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mjomba." Na wallahi alitimiza. Nyumba hii ninayoandikia aliiezeka yeye. Ilipokuja operesheni ya vijiji na nyumba ya mama kule Msimbu ikavunjwa ihamishiwe kwenye mstari, aliyepeleka mabati ni yeye. Wakati wa njaa ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, watu wa Tazara waliokuwa wanapita walinishushia mchele wake. Sijapata kulala siku ya Ijumaa bila kumwombea dua ndugu yangu.

Kwa hiyo watu waliponiambia amesahau, sikuwajibu. Nilijua hajasahau. Mwaka wa kwanza aliandika kwamba akimaliza ligi atakuja. Ligi ikaisha, ikaja safari ya kombe. Mara ya pili karatasi zake za kuishi ugenini zikawa zimekwama ofisini, na asiye na karatasi hapiti mpakani Tunduma. Mambo ya kweli yote. Ila ukweli haukumtoa mtoto ndani.

Nilikuwa nikienda Msimbu kila nilipoweza kumtazama. Mwanzoni Mwanamvua alikuwa akinichekea na kunisimulia mambo anayofundishwa na kungwi wake, Bi Mwamini. Anasuka ukili, anasuka mkeka, anaufumua, anaanza upya. Kila nikiingia swali lake lilikuwa moja, "Amekuja?" Nilipoingia mwezi ule wa Rajabu hakuuliza. Alinitazama mikono tu, kama nimebeba kitu, kisha akarudi kwenye ukili wake. Ngozi yake ilikuwa imepauka kama ndani ya ganda la muhogo. Bi Mwamini akaninong'oneza, "Mtoto haongei tangu wiki iliyopita, mwanangu. Anakula kwa kulazimishwa."

Nikaenda kumpigia magoti Mzee Jumbe. Huyu ni mjomba wa marehemu mama yetu Mwanakheri, mkubwa wa ukoo, mzee wa zamani sana ambaye hata balozi wa nyumba kumi alikuwa akimwogopa. Nikamwomba atamke yeye.

"Mimi ni mjomba wa mama yako," akasema. "Siwezi kurukia pahala pasipo pangu."

"Basi Kibwana, mtoto wa mama mkubwa."

"Mfaume yu hai?"

"Yu hai, babu, alhamdulillahi."

"Basi. Angekuwa amekufa ingekuwa rahisi. Mjomba aliye hai hapokewi kazi yake."

Nikatoka pale nikaenda posta, nikapiga simu ya maandishi. Niliandika maneno machache: mtoto haongei, Shaabani inaandama, njoo. Jibu likaja: SIWEZI. FAINALI. NIMETUMA MTU. MFAUME.

Laurensia ndiye aliyenisomea, maana miwani yangu ilikuwa imevunjika. Akaisoma mara mbili. "Mtu? Mtu gani tena? Ndugu yenu ana kichwa kizuri kweli?"

"Kichwa anacho," nikasema. Nilikwenda nikatandika msala, nikasali rakaa mbili, nikasema, Mola wangu, yule ni ndugu yangu na huyu ni mwanangu, usinilazimishe nichague.

Mtu mwenyewe alifika baada ya siku chache, ametokea stesheni ya Tazara moja kwa moja. Kijana mrefu, kifua kipana, amevaa koti ambalo mimi nililijua kabla sijamjua aliyelivaa. Lilikuwa koti la Mfaume, lenye kiraka changu kwenye kiwiko. Akapiga hodi, akavua viatu, akachuchumaa akanipa shikamoo.

"Mimi Fabian, mama. Mwalimu amesema nije nisimame mahali pake."

"Marahaba. Usimame mahali pake wapi, baba?"

"Mlangoni kwa binti. Amesema nyinyi mnajua."

Nilimwandalia maji ya kuoga na chakula, na huku nikimwangalia kwa makini. Alikula kwa adabu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini cha kizee, kama alijifunza kwa babu. Nikamuuliza kwa nini mwalimu hakuja mwenyewe, karatasi bado?

"Karatasi zimetoka mwezi huu, mama. Ila Jumapili ni fainali. Alisema kocha ana ruhusa ya kumpumzisha mchezaji yeyote. Ruhusa ya kujipumzisha yeye mwenyewe hana."

Kesho yake asubuhi tukapanda basi la Dar es Salaam, tukashuka Ubungo tukatafuta la Kisarawe. Njiani alinisimulia habari za ndugu yangu nilizokuwa sizijui. Kwamba kabla ya mechi kubwa huwafungia wachezaji wote nyumba moja, hakuna kutoka, hakuna kuona jua, wanakunywa uji na kufundishwa kwa nyimbo. "Anatuita mwali," Fabian akasema. "Wewe mwali, kaa chini. Wewe mwali, unamwachiaje mtu anakupita? Siku ya mechi anasimama mlangoni anatutaja mmoja mmoja, toka, toka, toka. Ukisikia jina lako, mama, unatoka kama risasi. Timu nyingine zinatucheka, lakini tunazifunga."

Nilicheka mpaka kondakta akageuka. Mambo ya unyago ya bibi yetu, yamefika mpaka migodini!

"Na wewe unacheza pahala gani?" nikamuuliza.

"Beki wa kati. Mimi ndiye nahodha."

"Na Jumapili nani atacheza pahala pako?"

Akatazama nje dirishani, mikorosho inapita. "Mwalimu amesema mpira una mwaka mwingine," akajibu.

Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa mtu aliyetumwa kwangu. Nilivuta buibui langu nikajifunika macho.

Tulifika Msimbu baada ya adhuhuri. Mzee Jumbe alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda chake, Kibwana yuko chini kwenye mkeka, na Bi Mwamini kwenye kizingiti cha mlango. Watu wa mstari wote wa nyumba walikuwa wamesogea, maana habari ilikuwa imetangulia kwamba Mfaume amekuja. Walipomwona aliyevaa koti si Mfaume, wakaguna.

Fabian akatoa shikamoo. "Marahaba," Mzee Jumbe akaitikia bila kumtazama, akanigeukia mimi. "Mwamvita, huyu nani?"

"Ametumwa na Mfaume, babu. Asimame mahali pake."

"Asimame mahali pake kwa vipi?"

Fabian akajibu mwenyewe, taratibu. "Mzee, katika mpira mchezaji akishindwa kucheza, yuko mwingine amekaa nje, wa akiba. Huyo anaingia, na anachokifanya ni sawa na alichokifanya yule. Akifunga goli, goli linahesabiwa."

Watu wakacheka. Mzee Jumbe hakucheka. "Mchezaji ana wa akiba. Mjomba hana wa akiba."

Kibwana akadakia, "Tena Mkristo!"

"Mwalimu alisema mtasema hivyo," Fabian akamwambia. "Amesema niwajibu kwamba mjomba ni damu. Damu yenu sina, dini yenu sina. Miguu ninayo, na imetembea kutoka mbali."

"Basi miguu hiyo hiyo ikurudishe," Mzee Jumbe akasema. "Mwamvita, mpe mgeni maji, ale, alale, kesho apande basi. Mfaume ametuona sisi watoto wa kuchezea."

Nikasikia ukili unaacha kusukwa ndani. Ukuta wa udongo haufichi kitu. Mwanangu alikuwa anasikiliza neno kwa neno. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga.

Bi Mwamini, ambaye ni mwanamke wa kuangalia watu, alikuwa hajaondoa macho kwa yule kijana. "Wewe, baba," akamwita, "Kiswahili hiki umekitoa wapi? Huko Zambia wanasema hivi?"

"Baba yangu, bibi. Alikwenda Mufulira kutafuta kazi ya mgodi akaoa huko huko. Mwenyewe ni mtu wa Urambo, Tabora."

"Urambo!" Bi Mwamini akasimama. "Mnyamwezi?"

"Ndiyo, bibi. Mnyamwezi."

Mzee Jumbe akageuza shingo polepole, akamtazama kijana kwa mara ya kwanza. Nami nikamtazama. Maana Mnyamwezi kwetu Wazaramo si mgeni, ni mtani. Babu zao walipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani, wakazikana na babu zetu, wakatukanana nao, na tangu hapo mtani hazuiliwi jambo. Kwenye msiba ataingia jikoni afunue chungu. Atalala kaburini akatae maiti asizikwe mpaka apewe anachotaka. Na hakuna kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani anajidhalilisha mwenyewe na anautia ukoo wake mkosi.

"Kumbe mpagazi!" Mzee Jumbe akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mzigo wako umeuacha wapi, mpagazi? Au umeuuza njiani ukanywe pombe?"

Uso wa Fabian ukafunguka. Nadhani baba yake alimfunda hayo pia. "Mzigo nimeubeba, mtumwa wangu wee. Ni hili koti. Nimesikia Mzaramo ngoma ikilia anauza hata shamba la mama yake, nikasema nije nione hawa waliouza mpaka mjomba wao."

Pale barazani palilipuka. Kibwana alijipigapiga mapaja. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Na kabla kicheko hakijatulia, Fabian alinyoosha mkono mrefu ule wa beki, akamvua Mzee Jumbe kofia yake ya kiua, akaivaa mwenyewe. Kisha akamsogeza Bi Mwamini kwa heshima, akakaa kwenye kizingiti cha mlango, mgongo ndani, uso nje, miguu ameitandaza njia nzima.

"Hapa siondoki," akasema. "Hakuna kuingia, hakuna kutoka, hakuna kupika. Kofia siitoi. Mtazikana bila mimi?"

"Unataka nini, mpagazi? Kuku?"

"Kuku wenu wamekonda kama nyie. Nataka neno."

"Mtani akishika kitu hanyang'anywi," Bi Mwamini akasema, kama anayejisemea, lakini alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Sijapata kuona. Labda leo Mzee Jumbe ataanza."

Mzee Jumbe alikaa kichwa wazi, mvi zake zinaonekana, anatazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko cha ndani, cha mtu aliyezidiwa maarifa. "Mfaume," akasema. "Mfaume, mwana wa Mwanakheri! Wachezaji wote wale alionao, akachagua huyu. Ametufunga goli akiwa hukohuko."

Nami nikafahamu hapo. Ndugu yangu hakututumia mtu yeyote tu. Alikaa akatufikiria sisi kama anavyofikiria timu ya kucheza nayo, nani mgumu, mlango uko wapi, akampanga pale mtu mmoja ambaye Mzee Jumbe asingeweza kumzuia. Mtu huyo mmoja akawa ndiye nguzo yake ya fainali.

Fainali yenyewe walishindwa. Goli lilipita katikati, pale pale ambapo Fabian angesimama. Wenye timu hawakumwongezea Mfaume mkataba, akahamia Malawi kufundisha timu ndogo, na miaka ikapita kabla hajarudi nyumbani. Leo yuko Kibuta, kule kule Kisarawe, analima mihogo, goti lake limekufa kabisa, na jioni hufundisha mpira kwa kukaa kitini. Nilipomuuliza kama alijua kwamba atashindwa, alinijibu, "Dada, nilimpumzisha mchezaji, basi." Ninamshukuru Mwenyezi Mungu aliyenichukulia mume na kunibakishia ndugu wa namna ile.

Turudi barazani. Mzee Jumbe alifuta macho kwa kiganja. "Haya, mtani," akasema. "Geuka useme. Useme kama ulivyotumwa."

Fabian hakugeuka, maana mwali hatazamwi na mwanaume asiye wake. Alisimama tu, akasogea pembeni mlango ukawa wazi, akainua kichwa akasema kwa kuelekea ukuta, "Binti. Mjomba wako Mfaume amenituma."

Kuku walikuwa wanaparura nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeshika mchanga mikono yote miwili, nasoma Kul-huwallahu moyoni naikosea, naanza tena.

Kisha sauti ya mwanangu ikatoka gizani, imekwaruza kwa kutotumika. "Ni yeye mwenyewe amesema?"

"Mwenyewe. Koti lake hili nimelivaa."

"Amesema nini?"

"Amesema, toka."

Bi Mwamini alikimbia na kanga ya kumfunika, akachelewa. Mwanamvua alikuwa ameshavuka kizingiti. Alisimama kidogo, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, akatupita sote, mimi, Kibwana, Mzee Jumbe na kichwa chake wazi, akashuka barazani, akashika njia, akaenda kutembea juani.